Mihogo Iliyotoka Walikale

Hakuna aliyekufa. Nalisema hili kwanza, kwa sababu kila ninapoanza kuwasimulia wajukuu wangu, huacha kula na kunikodolea macho wakingoja maiti. Sipendi kumtia mtu hofu ambayo mimi mwenyewe niliibeba mchana mzima.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru wetu Wakongo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa wakulima wa mlimani juu ya Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alilima maharagwe na mihogo, na siku za Jumapili aliwaongoza akina mama wa kanisa letu katika sala. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista hadi nikaweza kuandika Kifaransa bila makosa mengi. Kwa hiyo wakimbizi kutoka Rwanda walipojengewa kambi bondeni, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, shirika lililowaletea chakula likaniajiri.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza nilisindikiza kamio, lori la chakula, mpaka depo, ghala la kambi, na kusimamia ugawaji, kila mama na karte yake ya chakula. Kisha, siku zilizofuata, nilipita nyumba kwa nyumba na daftari langu nikichungulia vyungu. Mkuu wetu, Mzungu mrefu mwenye kikohozi kisichopona, alinieleza siku ya kwanza kabisa: "Tulichotoa nakiona mwenyewe deponi. Wewe niambie walichokula."

Mwanzoni niliona aibu. Kwetu mtu haingii jikoni kwa mwenzake akafunua chungu. Lakini nilizoea, nao wakanizoea, wakawa wananiita Mademazeli Chungu, yaani binti wa vyungu. Na vyungu vilisema mengi. Ni vyungu vilivyotuambia kwamba unga wa mahindi ya njano walikuwa wanawapa kuku, kwa kuwa hawakuamini kwamba ni chakula cha watu. Ni vyungu vilivyotuambia kwamba maziwa ya unga yanakorogwa kwa maji ya kijito yasiyochemshwa, na ndiyo maana watoto wanaharisha. Lugha haikunisumbua. Nilikua na majirani waliosema Kinyarwanda, watoto wa watu walioletwa zamani kulima mashamba ya Wazungu. Tulichanganya lugha yao na Kiswahili chetu, kinachosema 'njo' kwa 'ndiyo', 'batoto' kwa 'watoto' na 'Papa' kwa 'baba', tukaelewana.

Basi mwaka huo mvua zilishuka vibaya. Udongo uliporomoka ukakata barabara ya Kitshanga mahali pawili, na kamio za unga na maharagwe zikabaki upande wa pili. Siku kumi tuligawa mabaki ya depo, kipimo kikipungua kila mara, mpaka nikawa naona haya kukishika kile kikombe cha kupimia. Nilipochungulia vyungu niliona maji yenye majani. Watoto hawakukimbia tena. Ukiona watoto wa kambi hawakimbii, hakuna haja ya kuandika chochote kwenye daftari.

Mkuu wetu hakukaa kimya. Alishuka upande wa Walikale, ambako barabara ilikuwa bado nzima, akanunua mihogo mibichi kwa watu wa msituni. Akanituma mimi na dereva wa kamio moja iliyobaki upande wetu tukaichukue, naye akaenda kwa miguu kuhimiza barabara ya Kitshanga izibuliwe. Tulikwenda safari tatu kwa siku mbili. Mihogo ilikuwa minene kama mapaja ya mtu mzima, bado ina udongo mwekundu. Nilikaa juu ya mzigo, nikishika kamba kwa mkono mmoja na kitambaa cha kichwa kwa mkono mwingine. Njia nzima nilikuwa nikiimba nyimbo za kanisa kwa furaha. Niliijua ile mihogo. Kwetu tunayo pia: ni ile michungu, inayozaa sana na isiyoliwa na nguruwe mwitu. Kila mtoto wa kwetu, kabla hajajua kufunga nguo yake mwenyewe, anajua kwamba mihogo hiyo inaloweshwa majini siku tatu au nne, kisha inaanikwa, inatwangwa, ndipo inakuwa bugali. Sikulifikiria hata kidogo, kama vile mtu asivyofikiria kumwambia mwenzake asishike moto.

Tuligawa asubuhi. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wao, aliyewahi kuwa mwalimu huko walikotoka, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Saa tano depo ilikuwa tupu na njia zote za kambi zina watu wenye vikapu vichwani.

Nilikuwa nakwenda kuketi kivulini nilipoitwa na mama mmoja wa mstari wa nyumba za chini, karibu na kijito. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mcheshi hata siku za njaa. "Mademazeli," akasema, "kila siku unachungulia chungu yangu na kwenda. Leo utakaa chini, utakula."

Sikuweza kukataa. Nikaketi kwenye kigogo mlangoni pake, tukaongea. Alimenya, akakatakata, akachemsha. Binti yake mdogo, wa miaka minne hivi, alisimama karibu naye akitafuna kipande kibichi, naye mama alikuwa akimpa kingine kila alipomaliza, mradi atulie. Mimi nilikuwa nimegeukia njia, nawaangalia watu, wala sikujiuliza anapika nini. Jambo hilo lilinisumbua miaka mingi: nilikuwa nimegeukia njia.

Mihogo ilipoiva aliniwekea sahani ya kwanza, kwa heshima ya mgeni. Tulisali. Nikachukua kipande, nikakitia mdomoni.

Uchungu uliniingia mpaka masikioni. Nikatema mkononi.

"Mama, hii mihogo ulilowesha siku ngapi?"

Akacheka. "Siku ngapi? Si njo munatuletea leo asubuyi?"

"Iko michungu!"

"Kidogo iko michungu. Lakini njaa iko michungu zaidi."

Huko walikotoka, kwenye baridi ya milima yao, walijua maharagwe, viazi, masaka, yaani mtama, na maziwa. Mihogo michache waliyowahi kuiona ilikuwa ile mitamu, inayochemshwa na kuliwa saa hiyo hiyo. Yote haya niliyaelewa kwa pamoja, nikiwa bado nimeshika lile tonge lililotemwa. Kisha nikakumbuka vikapu vyote vile vilivyokuwa vikipita njiani.

Nilisimama, nikakitwaa chungu jikoni, nikakimwaga chote majivuni.

Yule mama alipiga ukelele. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Unamwanga chakula ya batoto bangu! Siku kumi tunalala njaa, na wewe unamwanga!"

"Mama, itabaua! Hii mihogo iko na sumu mpaka itoke mu maji!"

Sijui kama angeniamini. Lakini saa hiyo hiyo binti yake mdogo, aliyekuwa ameketi kando ya ukuta, alijikunja akishika tumbo, akatapika vipande vyeupe. Alipotaka kusimama, miguu ilimkataa. Mama yake aliniachilia mkono. Tulitazamana. Akamnyanyua mtoto, akaanza kukimbia kwenda dispensari, wale wawili wakubwa wakimfuata nyuma.

Nami nikakimbia upande wa juu, kwa mzee kiongozi. Nilijua nikianza kuingia nyumba moja moja, nitakapofika ya ishirini, ya mia watakuwa wamekwisha kula.

Nilimkuta ameketi mbele ya chungu ambacho kilikuwa bado kinatokota. Nilimwambia yote bila kupumua. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Una hakika, binti?"

"Papa, mimi nilikulia mu mihogo. Niliionja na mudomo yangu."

Akaanza kuondoa kuni chini ya chungu, moja moja. Nilitaka kumtikisa. "Ukitoka hapo inje na kupiga kelele kama iko sumu," akasema, "unajua watu watasikia nini? Watasikia kama watu wa hapa wametutilia sumu. Kwenu kuna watu hawatupendi. Kwetu pia kuna wenye hasira. Mpaka jua lizame watu watakuwa wameshika mapanga, na hayo yataua wengi kuliko mihogo."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mlimani kwetu kweli kulikuwa na maneno: kwamba wageni wanaletewa chakula kwa kamio na wenyeji wanatazama tu, kwamba ardhi itaisha. Na kambini walikuwako vijana waliokaa bila kazi wakiyasikiliza maneno hayo.

"Kwa hiyo tunyamaze, Papa?"

"Nani amesema kunyamaza?" Akasimama. "Chakula kile si kibaya. Hakijaiva tu. Si njo vile?"

"Njo vile. Kinangoja maji siku ine."

"Basi tutawaambia hivyo. Wasimwage. Waweke mu maji."

Alipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yake, akaweka viganja mdomoni, akaita. Wale waliokulia milimani wanajua wito huo, ule wa mtu anayemwita mwenzake kilima cha pili. Alisema maneno machache tu: Msile bado, chakula hakijaiva, kitieni majini, wenye kuumwa tumbo waende dispensari. Kabla hajamaliza mara ya pili, mwanamke wa mstari uliofuata aliupokea wito na kuutupa mbele. Kisha mwanamume mmoja kando ya depo. Kisha sauti nyingine mbali, chini kwenye kijito. Nilisimama pale nikiusikia ukizunguka kambi nzima, haraka kuliko mbio zangu zote, na kila mahali ulipopita moshi wa majiko ulipungua.

Hata hivyo tulipita nyumba kwa nyumba, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Wengi walikuwa bado wanamenya. Wengine walikuwa wamekula kidogo na kuacha kwa uchungu. Niliwapeleka dispensari niliowaona wanashika vichwa au wanayumba. Mwanamume mmoja alinifungia mlango usoni akasema nimekuja kuchukua chakula kukirudisha depo. Nikamwambia kupitia mlangoni: "Papa, siibebi. Mihogo ni yako, maji ni yako. Ngoja tu." Nikamsikia akimuuliza mkewe neno fulani, kisha nikasikia mlio wa maji yakimiminwa chunguni. Nilikaribia kulia.

Dispensari ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Muganga wetu, Mkongo mnene asiyependa maneno, alikuwa amewapanga watoto kwenye benchi na mikekani, mama zao wamewashika wakae wima. Aliwatapisha kwanza. Kisha aliwanywesha maji ya sukari, kijiko kwa kijiko, sukari yote iliyokuwamo ikaisha, akatuma watu nyumbani kwake waje na yake.

"Kuna dawa nyingine?" nikamuuliza.

"Kwa huu ugonjwa, hapa sina. Shika huyu kichwa."

Wengi walipata nafuu upesi. Walitapika, wakalia, na kulia kule kulimfurahisha muganga: "Mutoto anayelia hana shida." Lakini binti wa yule mjane hakulia. Alilala mapajani mwa mama yake, macho nusu wazi, akipumua haraka haraka kama ndege aliyeshikwa. Niliketi karibu nao. Sikuwa na la kufanya, na sikuthubutu kuondoka.

"Mama," nilisema mwishowe, "nilijua. Mimi nilijua hii mihogo, na sikusema."

Akanigeukia. "Ulijua na ulitaka tufe?"

"Hapana!"

"Basi ulisahau." Akamfuta mtoto jasho. "Miye njo nilimupa mukononi. Kipande na kipande. Tukianza kuhesabu makosa hapa, tutamaliza lini?"

Hakusema kwa upole. Alikuwa amechoka tu, na mtoto wake alikuwa mapajani. Lakini maneno yale niliyashika kama mtu anayezama anavyoshika mzizi.

Jua lilipokuwa limeshuka usawa wa dirisha, pumzi ya mtoto ilianza kutulia. Muganga alimwekea sikio kifuani, akainuka, akanawa mikono. Niliogopa kuuliza. Kisha yule mtoto akafumbua macho kabisa, akamtazama kila mmoja wetu, akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kulalamika: "Nataka maziwa."

Mama yake alicheka, akalia, akacheka tena. Muganga mwenyewe alikwenda kukoroga maziwa, nami nikatoka nje, nikashika ukuta wa mbao, nikatapika. Ile mihogo sikuwa nimeimeza. Nadhani nilitapika hofu.

Nilipanda mlima nikafika nyumbani kuku wakiingia bandani. Nilimweleza mama kila kitu. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuacha kuchambua mpaka nikamaliza.

"Bamekula nini leo?"

"Hakuna kitu, Mama. Na kesho hakuna. Mihogo itatoka maji siku ya ine, na bado kuanika."

Akaweka ungo chini, akajifunga kitenge kingine mabegani, akaenda kwa majirani. Baadaye niliambiwa na shangazi yangu yaliyosemwa. Wako waliokataa. Mwanamume mmoja alisema serikali iwalishe watu wake, kwani nani alimlisha yeye mwaka wa mvua ya mawe? Mama alimjibu: "Wewe baki na vyako. Lakini mutoto wangu njo alibapelekea ile mihogo, na mihogo iko chakula yetu. Batoto bao bakikufa na chakula yetu, tutasali namna gani Siku ya Mungu?"

Asubuhi walishuka. Sikuwahesabu, lakini mstari wao ulianzia kwenye mgomba wa kona na mwisho wake sikuuona. Walibeba unga wa mihogo ya mwaka uliopita, viazi vitamu, maharagwe, vifurushi vya sombe, yaani kisamvu. Vijana wa kambi walisimama kando ya njia wakiwatazama. Mama yangu alikwenda moja kwa moja kwa yule mjane, ambaye nilikuwa nimemweleza habari zake, akatua kikapu mlangoni pake.

"Mutoto iko namna gani?"

"Iko muzima, Mama. Usiku aliamuka kuomba chakula."

"Njo vizuri. Tuonyeshe mihogo yako."

Siku hiyo kijito kikawa darasa. Wanawake wa kwetu waliwafundisha wenzao kuchimba mashimo ukingoni, kuyatandika majani ya migomba, kupanga mihogo, kuifunika na kuigandamiza kwa mawe isielee. Waliwaonyesha jinsi ya kujua imekwisha kuiva: unaiminya kwa kidole, kidole kikazama. Na waliwaambia watupe mbali maji yale, wasiwanyweshe hata mbuzi. Siku ya nne mashimo yalipofunuliwa, harufu ilitanda kambi nzima. Wanawake wa kambi waliziba pua, wakalalamika kwamba chakula kimeoza, na akina mama wa kwetu wakacheka mpaka wakaketi chini. Jua liliamua kutuhurumia siku mbili mfululizo. Mihogo ikaanikwa juu ya mawe, mikeka, paa za nyumba, hata juu ya bati la dispensari, muganga akinung'unika. Bugali wa kwanza ulipopikwa niliuonja mimi, nyumba baada ya nyumba, mpaka nikavimbiwa.

Unga wa shirika ulifika siku iliyofuata, barabara ya Kitshanga ikiwa imezibuliwa kwa mikono. Mkuu wetu alikuwa ndani ya kamio ya kwanza. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye daftari, pamoja na kosa langu, na nilimpa asome akiwa bado hajanawa uso. Alisoma akisimama. Nilikuwa nimekwisha kuondoa vitu vyangu deponi, nikavifunga kwenye kitambaa, tayari kufukuzwa.

"Mimi niliinunua," alisema kwa Kifaransa alipomaliza. "Sikuuliza swali hata moja. Niliona ni mingi, nikafurahi." Akakohoa muda mrefu. "Kuanzia leo, chakula kipya kikija, wewe utakipika kwanza mbele ya watu wote na kukila. Kisha ndipo tutagawa. Hicho kifurushi ni cha nini?"

"Ni nguo za kufua," nilisema.

Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu zaidi, na nilipika mengi mbele ya watu, mengine yasiyo na ladha yoyote. Yule binti alizoea kuja kuketi mbele kabisa.

Jioni ile ya kufika kwa unga, mkuu alipokwisha kuondoka, mama alikuwa bado yuko kambini akiwaaga wenzake. Tulipanda mlima pamoja. Nilimngojea aanze kunigombeza, kwa kuwa siku zote hizo hakuwa amesema neno juu ya kosa langu. Tulipita kijito, tukapita migomba. Tulipofika kwenye mwinuko mkali alisimama kupumua, akatazama shamba letu ng'ambo ya bonde.

"Angalia ile magugu," akasema. "Wiki nzima hakuna mutu amegusa maharagwe yangu. Siku ya posho unafanya kazi?"

"Hapana, Mama. Jumamosi hakuna kazi."

"Basi utakuja na jembe."

Nikamwambia nitakuja. Tukaendelea kupanda, yeye mbele akihesabu kwa sauti mistari iliyoharibika, mimi nyuma nikimsikiliza, na sijawahi kusikia malalamiko matamu kama yale.